Wiki Tatu Tulizompenda Mjomba

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza kazi ambayo sikujua kama ipo duniani. Kazi yenyewe ni kusoma.

Mama Mdogo anashona katika karakana ya sare za shule: wanawake kumi na mmoja, cherehani kumi, meza moja ndefu ya kukatia, na paa la bati. Miaka yote wameshona wakisikiliza redio. Mwezi uliopita redio ikafa. Fundi akaifungua, akaifunga, akatikisa kichwa. Tajiri mwenye karakana akaahidi kuleta mpya. Ndipo Mama Mdogo akadakia: "Kwa dada yangu kuna mtoto kamaliza shule, anasubiri matokeo, kutwa kajikunja na kitabu kama paka. Si aje atusomee?"

Wakapatana hivi. Nisome msimu huu wote wa sare, na Ijumaa ya tarehe kumi na moja Aprili, kabla shule hazijafunguliwa, wapige kura. Wakinitaka, nabaki. Wasiponitaka, redio mpya inakuja, na mimi nakwenda kwa Shangazi kumsaidia kuuza vipuri vya baiskeli. Mama ameshampigia simu aniandalie kitanda. Shangazi namheshimu, lakini dukani kwake watu hubishana tangu asubuhi mpaka jioni, na mimi hata darasani nilipoitwa jina nilikuwa naitikia moyoni.

Asubuhi nakata nyuzi zinazoning'inia kwenye mashati. Saa nne naanza kusoma. Nimechukua riwaya moja ya zamani kwenye kabati la Kaka; jalada limeng'oka, na ukurasa wenye jina la kitabu na la mwandishi umekwenda nalo. Nimewekwa pembeni, karibu na bibi mmoja anayeshona vifungo kwa mkono. Wote wanamwita Bibi Vifungo. Msimamizi ni mama mrefu asiyeachana na rula yake ya mbao, basi anaitwa Rula, lakini si mbele yake.

Nilipomaliza ukurasa wa kwanza, Rula alikuja akasimama mbele yangu. "Taratibu, mwanangu," akasema. "Kwa sauti hiyo utatupasulia madirisha."

Nikaomba radhi, nikapunguza.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Bati lilipiga kelele kuliko cherehani zote. Nimekata nyuzi tu.

Jumatano, 5 Machi

Leo tumeingia hasa kwenye kitabu. Mabinti wawili wamefiwa na baba yao na hawana mama. Nanakili hapa kipande, maana kimenigusa:

"Mji mzima haukuwa na mtu mkarimu kama mjomba wao. Siku ileile ya mazishi alikataa katakata mabinti wale wabaki peke yao katika nyumba ya vyumba tisa. Akahamia yeye, na mkewe, na watoto wake saba. Kwa kuwahurumia wapwa zake na kelele za barabarani, akachukua yeye vyumba vyote vya mbele, nao akawapa kile cha nyuma, kinachopakana na jiko, wasije wakapata baridi."

Nilisoma huku machozi yakinilenga, sauti ikitetemeka. Sijui kama mimi ningekuwa na moyo wa kulala kwenye kelele ili wengine wapate usingizi. Bibi Vifungo alifuta macho kwa shati la darasa la tatu. Kasuku, anayeshona kola na ambaye amepewa jina hilo kwa sababu hanyamazi, akapaza sauti juu ya mashine: "Wanangu wangekuwa na mjomba kama huyo, mimi ningekufa kesho bila wasiwasi!"

Rula peke yake hakufuta macho. Yeye hashoni, anazunguka tu, kwa hiyo anasikia kila neno. "Mjomba mwema kweli," akasema. "Naomba tu asije akanihurumia na mimi."

Nadhani ni unyenyekevu. Hataki kuwa mzigo kwa mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Mjomba ameuza samani zote za marehemu ili mabinti wasiwe wakiziona wakalia. Bibi Vifungo kasema huyo mtu anafikiria kila kitu.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua njia nzima. Nimefika saa tatu kasoro badala ya saa mbili. Rula alikuwa mlangoni. "Leo umewahi kweli," akaniambia. "Ungelala hapahapa tu."

Nikamshukuru. Naona anaanza kunipenda.

Jumatano, 12 Machi

Karakana imepata neno jipya. Mtu akimpisha mwenzake kwenye pasi anaambiwa, "Ahsante, Mjomba." Anayemwazima mwenzake mkasi ni Mjomba. Mama Mdogo kamsogezea Kasuku feni, Kasuku kamwita Mjomba wa Wajomba. Nina furaha sana, ingawa siionyeshi.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Nyuzi.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Nyuzi. Nimesoma ukurasa mmoja na nusu bati lilipotulia, kisha ikaanza tena.

Jumatano, 19 Machi

Kaka amerudi nyumbani kuandika tasnifu yake. Yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasoma isimu, na makaratasi yake yamefika mpaka juu ya kitanda changu. Wakati wa chakula nilimsimulia wema wa Mjomba. Akapaliwa na maji. Nikampiga mgongoni, akawa anacheka na kukohoa kwa pamoja.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu. Endelea kusoma. Sitaki kukuharibia."

Ijumaa, 21 Machi

Nimemsikia Mama Mdogo akimwambia mwenzake wa kwenye pasi: "Huyu mtoto ananichosha jamani. Nikikanyaga tu mlangoni, watu: leo anasoma nini, leo anasoma nini. Kama mimi ndiye niliyemzaa!"

Sikujua nimekuwa mzigo. Wakati wa kurudi nilitembea nyuma yake hatua kumi ili apumzike.

Jumatano, 26 Machi

Sijui nianzie wapi. Leo nilisoma sura ya tisa. Mvua ilikuwa imekatika, mashine zilikuwa zinakwenda vizuri, na kila mtu alikuwa akisubiri kusikia Mjomba atawafanyia nini mabinti mwaka wa msiba utakapotimia. Nikasoma, na sauti yangu nikaitia huruma yote niliyokuwa nayo:

"Ulipotimia mwaka, mjomba aliona ni dhambi mabinti wale waendelee kuishi na kumbukumbu chungu za nyumba ile. Akaiuza. Akawanunulia sanduku moja, jipya kabisa, la kutilia nguo zao. Akawasindikiza mpaka kituoni, akawapungia mkono mpaka gari likapotea, maana hakuwa mtu wa kuwaacha watu njiani."

Mashine ya Kasuku ilisimama. Kisha ya Mama Mdogo. Kisha zote, moja baada ya nyingine, mpaka karakana ikawa kimya kama darasa la mtihani.

"Ngoja kwanza," Kasuku akasema. "Kauza nyumba ya nani?"

"Ya mabinti," nikasema.

"Fedha kapeleka wapi?"

Nikatafuta kwenye ukurasa. "Haijasemwa."

"Haijasemwa!" Akainuka. "Wiki tatu! Wiki tatu namsifu mwizi! Mtu huyo nimemtaja mpaka kwenye dua!"

"Mtoto kasoma kilichoandikwa," Mama Mdogo akanitetea.

"Kilichoandikwa ni mkarimu! Mkarimu, mwema, mwenye huruma, masikio yangu mazima. Tena kwa ile sauti ya kutetemeka. Ama kitabu kinadanganya, ama msomaji."

Mama wa pasi akasema, "Redio ikikudanganya, angalau unabadilisha stesheni."

Wakacheka, lakini kile kicheko hakikuwa changu. Nilimgeukia Bibi Vifungo, kwa kuwa yeye alikuwa upande wangu siku zote. Alichomeka sindano kwenye sponji, akageuza kiti, akanipa mgongo. Afadhali angenitukana.

Wengine wakataka kura ipigwe palepale. Rula akagonga meza kwa rula mara mbili. "Kura ni tarehe kumi na moja, kama tulivyopatana. Mpaka hapo, Msomaji atakata nyuzi."

Nilipofika nyumbani, Mama alikuwa anaongea na Shangazi kwenye simu. Kitanda kiko tayari, na foronya mpya imenunuliwa.

Alhamisi, 27 Machi

Jana nililia, leo nimechoka kulia, basi nimemwendea Kaka mezani kwake. Nikamwambia kitabu chake ni cha uongo.

Hakucheka safari hii. Alisogeza makaratasi, nikapata pa kukaa. "Nikuulize," akasema. "Siku ile uliporudi umechelewa, Mama akakuuliza, 'Unajua saa hizi ni saa ngapi?' Ulimjibu nini?"

"Saa moja na dakika ishirini."

"Najua. Nilikuwepo. Ulikosea?"

"Ilikuwa saa moja na dakika ishirini."

"Maneno ulielewa yote. Mama ndiye hukumwelewa." Akaniambia hiyo ndiyo pragmatiki, ndiyo anayoiandikia tasnifu: maana ambayo haimo ndani ya maneno ila imo kati ya watu wanaoyatumia. Alisema tunapozungumza kuna mambo tunayategemeana bila kuapishana. Nategemea utasema kweli. Nategemea utasema yanayotosha, na yanayohusika, na kwa namna ninayoweza kuielewa. Mtu akivunja moja ya hayo kwa siri, huyo ni mwongo. Akilivunja hadharani, mbele ya macho yako, anakuomba ufanye kazi: mbona kasema hivyo? Alitaka nielewe nini?

"Kwa hiyo huyu msimuliaji si mwongo?"

"Mwongo anataka umwamini. Huyu anataka usimwamini, na amekuachia alama kila mahali uone hivyo. Nyumba ina vyumba tisa. Mjomba kachukua vingapi? Chumba cha kupakana na jiko kina baridi?"

Nikahesabu vyumba kwa vidole: vinane.

"Sasa neno 'mkarimu'," akaendelea. "Swali la kujiuliza kwenye kinaya, yaani maneno yanayokusudia kinyume chake, ni moja tu: haya maneno ni ya nani? Nani hasa, mjini pale, angesema Mjomba ni mkarimu?"

Nikafikiri. "Majirani waliokuja msibani."

"Na nani mwingine?"

"Mjomba mwenyewe."

"Basi. Msimuliaji kayaokota maneno yao, anakuonyesha kwa ncha za vidole, kama soksi ya mtu mwingine. Na wewe ukaivaa."

Hapo nilicheka, ingawa sikutaka.

Jumamosi, 29 Machi

Nimeshinda na sura ya kwanza na penseli. Kila penye sifa nimepiga mstari mmoja. Kila penye jambo alilolitenda Mjomba, mistari miwili. Sifa haikai peke yake hata mara moja. Nyuma yake, hatua moja tu, kuna jambo linaloikana, limesemwa kwa upole kama mtu anayekupitishia chumvi. Ukurasa wa sita umesema alilia msibani "kwa kilio kilichosikika mpaka ofisi ya ardhi." Nilisoma sentensi hiyo mbele ya watu kumi na wawili, sauti ikanikatika!

Nimeelewa pia kwa nini karakana nzima iliingia mtegoni pamoja nami. Mashine hula nusu ya maneno. Kinachowafikia wanaoshona ni sauti, na sauti yangu iliwaambia: mpendeni. Mwandishi alitega, mimi nikaufunika mtego kwa majani.

Kisha nikafanya jambo la aibu zaidi. Nilifungua shajara hii tangu mwanzo, nikaisoma kwa penseli ileile.

Madirisha hayakuwa yanapasuka. Rula alikuwa ananiambia hanisikii, na mimi nikapunguza. Sikuwa nimewahi. Na yeye alimwona Mjomba alivyo tangu siku ya kwanza.

Lakini si yote ni ya kuumiza. Mama Mdogo aliposema namchosha, watu wanamuuliza leo nasoma nini, kama vile yeye ndiye aliyenizaa... Nimeirudia mara tatu. Alikuwa anaringa. Alikuwa anaringa kwa ajili yangu, na mimi nikatembea nyuma yake hatua kumi.

Jumapili, 30 Machi

Leo nimeona kinaya kila mahali. Mama kasema nimependeza. Nikaenda kubadilisha gauni. Jirani kaniambia nimekua. Nikampa mkono kwa tahadhari. Kaka kanivuta pembeni: "Mama alimaanisha umependeza. Watu wengi, siku nyingi, wanamaanisha walichosema. Usinimalizie ukoo kwa penseli."

Nikamuuliza basi nitajuaje. Akasema kinaya kinahitaji watu wawili wanaojua jambo moja. Anayekijua kitu hicho pamoja na msemaji ataelewa. Asiyekijua atabaki na maneno matupu. Kwa hiyo hakuna njia ya mkato. Lazima umjue mtu.

Jumatatu, 31 Machi

Nilimfuata Rula kwenye meza ya kukatia kabla ya kazi kuanza. Nikamwambia naomba kurudia sura ya kwanza, kwamba niliisoma vibaya, na kwamba kosa si la kitabu.

"Rudia," akasema bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Mashati mia nne yananisubiri. Nina muda tele."

Nilisimama. Zamani ningeshukuru nikaondoka. Nikapima: mashati mia nne, uso mkavu, neno "tele". Lakini pia amesema rudia. Elimu yote ya Kaka haikunitosha.

"Samahani, mama," nikasema. "Hiyo ni ndiyo au hapana?"

Akainua macho. Mdomo wake ukasogea upande mmoja. Ndiyo mara ya kwanza naona meno yake.

"Ni hapana," akasema, akachukua rula, akaondoka. Alipofika mlangoni akageuka. "Alhamisi, saa nne. Dakika kumi. Na ukinisomea kwa sauti ya chini tena, nakutia kwenye gunia la vipande."

Jumanne, 1 Aprili

Nimemfanyia Kaka mazoezi. Kila nilipofika "mkarimu" nilivuta sauti na kuzungusha macho. Akaziba masikio.

"Umeua. Mtu akikutangazia kwamba anatania, utani umekufa. Msimuliaji hacheki hata kidogo. Anasema kitu chake, ananyamaza, anakuachia."

Namjua mtu anayefanya hivyo. Nimemtazama kutwa nzima huku nikikata nyuzi. Rula hapandishi sauti kwenye neno la kejeli. Analiweka chini polepole, hamtazami mtu, na anaanza kuondoka. Leo binti mmoja alishona mfuko juu chini. Rula akaligeuza shati, akautazama mfuko, akasema, "Vizuri. Mtoto akisimama kwa kichwa, penseli hazitamwagika." Akaenda zake. Kicheko kilichukua muda kufika, lakini kilipofika kilifika kote, na yule binti mwenyewe alicheka huku akifumua. Nilidhani huyu mama anachukia watu. Nafikiri hana tu njia nyingine ya kuwapenda.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Nyuzi. Nimesoma sura nzima kimoyomoyo, midomo ikitembea. Kasuku kauliza kama nimeanza uchawi.

Alhamisi, 3 Aprili

Saa nne kasoro dakika tano mvua ikaja kama imetumwa. Nilitaka kumwambia Rula tuahirishe. Lakini zimebaki siku nane, na kutoka kwenye ile pembe sauti haifiki hata bila mvua. Nikaenda katikati, kwenye meza ya kukatia, nikauliza kama naruhusiwa kupanda.

"Viatu," Rula akasema. Nikavua.

Nikiwa juu ya meza niliwaona wote kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimewasomea mwezi mzima nikitazama kitabu na vidole vya Bibi Vifungo. Sasa niliona migongo iliyoinama, nikaona Kasuku hataki kunitazama, nikaona Mama Mdogo anatia uzi kwenye sindano ambayo tayari ina uzi.

Rula akagonga meza mara mbili. "Mashine zote, simama. Dakika kumi. Jasho la dakika hizo mtanilipa mchana."

Sikutegemea hilo. Mashati bado mia tatu. Mashine zikanyamaza, ikabaki mvua peke yake, na mvua peke yake nikaona naiweza.

"Sifa za mjomba wenu mlishazisikia," nikasema. "Naomba leo msinisikilize mimi. Msikilize alichofanya."

Nikasoma kwa sauti niliyokuwa sijui kama ninayo. Nilikifikia kile kipande nikakiweka chini polepole: mji mzima haukuwa na mtu mkarimu kama mjomba wao. Nikanyamaza. Nikahesabu mpaka mbili. Kisha nikasoma vyumba tisa kwa ukavu, mke, watoto saba, vyumba vyote vya mbele.

Hakuna aliyecheka. Nikafika kwenye chumba kinachopakana na jiko, wasije wakapata baridi. Nikanyamaza tena.

"Hee!" Kasuku akasema polepole. "Mshenzi huyu."

"Nani?" mama wa pasi akauliza.

"Wote wawili! Mjomba na anayesimulia! Anatusimulia uso mkavu namna ile!"

Hapo kicheko kikapasuka. Nilipofika kwenye kilio kilichosikika mpaka ofisi ya ardhi, Mama Mdogo alilaza kichwa kwenye cherehani akawa anapiga meza kwa kiganja. Kasuku kila sentensi anaidaka: "Kwa kuwahurumia! Kwa kuwahurumia, jamani!" Dakika kumi zikawa ishirini na tano. Rula alikuwa amesimama mlangoni amenipa mgongo, mabega yanatikisika.

Lakini Bibi Vifungo hakucheka. Alishona vifungo vinne, vyote kwa nguvu.

Ijumaa, 4 Aprili

Nilikwenda kukaa naye wakati wa chai. Alikoroga chai mpaka ikapoa.

"Huyo mwandishi," akasema mwishowe, "alikuwa ananicheka mimi?"

"Hapana, bibi."

"Mimi nimemlilia yule mtu. Nimelowesha shati la watu. Kumbe wenye akili walikuwa wanacheka."

Nikamwambia ukweli: kwamba mimi ndiye niliyelia kwanza, na yeye alilia kwa sababu alinisikia mimi. Kwamba hakukosa akili. Alisikia "huruma" akaamini ni huruma, kwa kuwa kwake neno hilo halina kazi nyingine. Mjomba ndiye aliyelichafua.

Akanywa chai yake iliyopoa. "Na hao wasichana? Walijua?"

"Sura ya nne, mdogo alijua. Mkubwa alikuwa anamshukuru mpaka kituoni."

"Basi mimi ni yule mkubwa," akasema. Akanirudishia kikombe. "Jumatatu soma kwa nguvu. Mjomba kanidanganya wiki tatu. Nataka nimwone akianguka, nikiwa nimekaa mbele."

Jumanne, 8 Aprili

Jua! Nimesoma sura mbili. Mjomba ameanza kudaiwa wema wake na watu wasio na aibu kuliko yeye. Bibi Vifungo amehamisha kiti chake mpaka kwenye meza ya kukatia. Kila Mjomba anapojikwaa, anasema "Eeh" na kuvuta uzi.

Jumatano, 9 Aprili

Kasuku kanijia kwenye pasi. "Nakwambia mapema usije ukanuna," akasema. "Unasoma vizuri. Lakini mimi napenda nyimbo. Kura yangu ni ya redio." Nikamuuliza kama anatania. "Sitanii. Nikitania utaona meno."

Nimemshukuru kwa kuniambia waziwazi. Kisha nikahesabu watu waliobaki, mara mbili.

Alhamisi, 10 Aprili

Mama amenikunjia nguo. Kasema ni tahadhari tu.

Ijumaa, 11 Aprili

Mashati ya mwisho yalifungwa saa tisa. Zimebaki sura tatu za kitabu. Rula akaweka kopo juu ya meza ya kukatia, akampa kila mshonaji vifungo viwili: cheupe ni cha msomaji, cheusi ni cha redio, kimoja kitie koponi, kingine baki nacho mkononi. Nikaambiwa nitoke. Nikatoka, nikasimama chini ya ukingo wa bati nikitazama matone ya mwisho yanavyodondoka, kisha nikaitwa.

Rula alimimina kopo mezani. Sikuweza kutazama. Nilimsikia anavisukuma kwa ncha ya rula, kimoja kimoja, huku na huku.

"Haya," akasema. "Vyeupe tisa, vyeusi viwili." Akakohoa. Uso wake ulikuwa mkavu kama ubao. "Pole sana, Msomaji. Jumatatu usije. Na hicho kitabu usikilete kabisa, hakuna mtu hapa anayetaka kujua yule mzee anaishia wapi."

Alishaanza kuondoka.

Nilitazama mgongo wake. Nikatazama vile vyeupe tisa. Nilijua anachokijua, na yeye alijua kwamba nakijua.

"Sitakuja," nikasema. Sauti ilitoka yote, hadi mwisho wa chumba. "Saa nne kamili, mama, msinitafute juu ya hiyo meza."

"Usithubutu," Rula akajibu bila kugeuka.

Kasuku akapiga kelele, Mama Mdogo akanikumbatia shingo, na katikati ya vurugu ile Bibi Vifungo akasimama, kakunja uso, kifungo cheusi alichobaki nacho kipo kiganjani.

"Kwa nini asije?" akasema. "Tisa si nyingi kuliko mbili? Mimi mwenyewe nimetia cheupe! Mnamfukuzaje mtoto?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Mahali alipokuwa amesimama napajua. Nimeishi pale miaka kumi na minane. Nikamshika mkono, nikamketisha, nikakaa karibu yake.

"Nakuja, bibi," nikamwambia. "Jumatatu nakuja. Ngoja nikueleze alichosema."